Mji Ninaodaiwa

Wewe uliyekaa hapo, hebu nikutegee. Nina ziwa langu, kubwa, ng'ambo yake huioni. Watu wanalivuka kwa miguu na viatu vyao, watoto wanakimbizana juu yake, hata gari linapita katikati, na hakuna anayelowa. Ziwa gani hilo?

Usikimbilie kusema limekauka. Maji yamo, na samaki wamo humo chini wanaogelea kama kawaida yao.

Fikiri taratibu, sikuharakishi. Mimi mwenyewe kilinishinda, na vitendawili nimetega tangu sijavunja ungo. Aliyenitegea hicho ni mjukuu wangu, Inamahoro, na kwa kuwa nilishindwa akanidai mji. Sheria unaijua: ukishindwa, unampa mwenzako mji, ndipo akufungulie jibu. Lakini nyumbani kwangu kuna sheria nyingine juu ya hiyo, niliyoikuta kwa mama yangu. Huruhusiwi kutoa mji ambao hujaukanyaga kwa mguu wako. Mtu anakupa Dar es Salaam naye hajavuka Uvinza! Huyo amekupa upepo.

Huyu Inamahoro nimemlea mimi. Mama yake alikuwa Gloriose, binti yangu wa pekee, ambaye hapa Bangwe mpaka leo naitwa kwa jina lake, Mama Gloriose. Alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba yake, Anatoli, ni Mrundi aliyekuja na vita, akawa anaishi kambini. Mtu mpole, hana maneno. Baada ya msiba alinishika mikono akasema, "Mama, kambini sina pa kumweka." Nikamwambia mweke mgongoni kwangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Kazi yangu ni dagaa. Wakiletwa alfajiri nawaanika mchangani, jua likipanda nawageuza, jioni nawazoa. Inamahoro alikua pembeni yangu hapo, na mikono ikiwa kazini midomo ilikuwa ikitegeana. Akiwa mdogo alikuwa na miji mitatu tu aliyoikanyaga: Ujiji, nilikokuwa nakwenda naye sokoni, Kasulu kwa shangazi yangu, na hapa Bangwe. Ujiji na Kasulu alikuwa anazigawa kama karanga. Bangwe hakuitoa hata siku moja.

"Nipe Bangwe," namwambia.

"Sikupi."

"Kwa nini, mke mwenzangu?"

"Nikikupa Bangwe, tutalala wapi?"

Wanawake wote mchangani wanacheka. Basi ikawa ndio usemi wake.

Na jambo jingine nililomfundisha, nitalisema hapa maana litakuja kutukuta mbele: ziwani hapaingiwi na viatu. Sisi wa mwalo wetu huu, hapa mitumbwi inapofikia, ndivyo tulivyo. Ukifika pale mchanga unapoanza kulowa unavua, unashika mkononi, hata kama umekwenda kusugua sufuria tu. Ziwa linatulisha, hatuwezi kulikanyaga na tope la barabarani. Mgeni akiingia na raba zake, tunampigia kelele mpaka atoke. Inamahoro alijua kuvua viatu ziwani kabla hajajua kuvivaa vizuri.

Sasa, Anatoli kule kambini jina lake lilitoka, akapelekwa Kanada. Mtoto alikuwa darasa la tatu. Akaoa huko mwanamke wa kwao, Consolate, wakapata watoto. Alikuwa akipiga simu Krismasi na Pasaka, na kila mara alisema, "Nitamchukua Inamahoro." Nikawa naitikia tu, kama unavyomwitikia mtu anayesema atajenga ghorofa.

Inamahoro alipomaliza kidato cha nne, simu ikaja kwa Melania. Huyu Melania ni jirani yangu, tunaanika pamoja, ndiye mwenye simu ya kupangusa. Yangu ni kitochi.

"Shikamoo, mama," Anatoli akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, safari ya Inamahoro imekubaliwa. Anakuja kwangu."

Melania akapiga kigelegele hapo hapo, kuku wakatawanyika, akasema angekuwa yeye angekwenda hata kwa kuogelea. Kufika jioni mwalo mzima ulikuwa umejua. Katekista akaja kusema Mungu amefungua mlango. Mwenye duka akasema bahati kama hiyo haigongi mara mbili. Mtu ambaye hajawahi hata kunisalimu alikuja kukaa barazani kwangu akaniita mama mkwe.

Mtoto mwenyewe alingoja tuwe wawili. Tulikuwa tunageuza dagaa.

"Bibi, niende?"

Nikafungua kinywa. Unajua nilichosema? Nilisema, "Geuza na huo upande wako, wanashikana."

Akaniuliza tena tukichambua mchele. "Bibi, niende au nisiende? Wewe ukisema nibaki, nabaki."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nikisema nenda, nimemfukuza. Nikisema baki, miaka kumi mbele atakuwa amekaa hapa na mimi, mikono imechanika kwa chumvi, ananitazama tu. Nikamtegea kitendawili, naye akakijibu bila kunitazama. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Na hapa kwetu mtu mzima akinyamaza, watu wanasema amekubali. Wakasema bibi amekubali. Hata yeye akaamini.

Siku ya kuondoka nilimfungia dagaa na chupa ya mawese ndani ya kitenge changu. Kwenye kiwanja cha ndege alinikumbatia, akaninong'oneza, "Mke mwenzangu, usije ukaolewa mimi sipo." Nikacheka. Ndege iliporuka nilikuwa bado nacheka, Melania akaniambia, "Mama Gloriose, futa uso."

Kuhusu simu tulipatana hivi. Wakati wa giza mitumbwi inakwenda ziwani na taa, dagaa wanakuja, mimi sina nafasi hata ya kujikuna. Wakati wa mbalamwezi hakuna uvuvi, maana dagaa hawafuati taa. Basi tukasema tutaongea mbalamwezi tu. Jioni yangu kwake ni asubuhi. Nikiuona mwezi umeanza kunenepa, nakwenda kukaa kwa Melania.

Mwanzoni alikuwa na vituko. "Bibi, huku jua linawaka lakini halina kazi. Unaliona kabisa, na unatetemeka." Mara nyingine, "Nimekaanga wale dagaa wako. Kuna kitu kwenye dari, kikanusa moshi, kikalia! Watu wa jengo zima wakatoka nje na watoto na mbwa. Hata wazima moto wakaja. Mama Consolate amenikataza."

"Dagaa wameunguzwa?"

"Hawakuungua, Bibi! Walikuwa wananukia tu."

Melania alicheka mpaka akaketi chini.

Halafu vituko vikapungua. Baba yake anafanya kazi kiwanda cha nyama, anaingia usiku, mchana analala. Consolate anasafisha hoteli. Wale wadogo zake hawajui Kirundi wala Kiswahili. "Wananipenda," alisema, "ila nikiwasimulia kitu wananiangalia mdomo." Majirani milango imefungwa. Amekaa pale tangu afike, hakuna aliyekuja kuomba chumvi. "Na mimi naogopa kwenda kuomba, Bibi. Chumvi tunayo." Shuleni Kiingereza chake cha Kigoma wanamwambia rudia. Akirudia mara mbili, anaacha.

Nilikuwa namwambia, "Utazoea." Nilisema hilo neno mpaka likaisha ladha.

Desemba akanitegea kile cha ziwa. Sauti yake siku hiyo ilikuwa na uhai kidogo, nikafurahi. Nikafikiri, wapi. Nikamuuliza Melania.

"Ni ziwa la kwenye ndoto," Melania akasema.

"Ndotoni watu hawaendi na gari."

"Mimi naota gari kila siku, Mama Gloriose."

Nikamrudia mtoto nikiwa mikono mitupu. "Umeshindwa, Bibi? Nipe mji!" Nikaona aibu kushindwa. Nikamwambia, "Sijashindwa, nafikiri." Akasema, "Haya, ila jua nakudai."

Mbalamwezi ya Januari alipiga. Ya Februari nikakaa kwa Melania jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu iko mezani kama sahani. Melania akapiga yeye, haikupokelewa. Mwezi ulikuwa umeshaanza kuliwa pembeni ndipo Anatoli akapiga.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Mtoto yuko hospitali. Mguu."

"Ameanguka?"

"Shule iliwapeleka ziwani. Mama, huku wakati huu ziwa linaganda. Maji yote ya juu yanakuwa jiwe. Watu wanatembea juu yake, magari yanapita. Wenzake wakaingia na viatu vyao vya baridi. Yeye alivua."

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la kitendawili. Barafu. Jibu lenyewe lilikuwa dogo hivyo, nami nilikuwa nalitafuta miezi miwili.

Akampa simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepewa dawa.

"Bibi, usinigombeze."

"Sikugombezi, mwana wanje. Ilikuwaje?"

"La huku nilikuwa nalisikia tu shuleni, sijaona ziwa kwa macho tangu nitoke huko. Tulipofika wakasema hili ni ziwa, ingieni. Wenzangu wakaingia. Miguu yangu ikakataa, Bibi. Nikasema, hili nalo ni ziwa, litanionaje nikiingia na viatu? Nikavua, na soksi nikavua. Nikawafuata. Mwanzo ilichoma kama moto. Halafu ikaacha kuuma, sikusikia kitu tena, nikafikiri limenikubali. Nilikwenda mbali kabisa kabla mwalimu hajaniona."

Wamekata vidole viwili vya mguu wa kushoto, vile vidogo vya mwisho. Nilikuwa navijua. Nilivikata kucha mwenyewe mpaka alipokuwa darasa la nne.

"Bibi," akasema, "nirudi?"

Wewe ungesema nini?

Nikasema, "Umekula leo?"

"Bibi, nimekuuliza."

"Nimesikia."

"Nirudi?"

Kukaja sauti ya mwanamke inasema Kiingereza, ni muuguzi amekuja kufunga kidonda, na simu ikakatika. Melania alikuwa amesimama mlangoni. Akaniletea maji.

Kesho yake Anatoli akapiga peke yake. "Mama, ninajua alichokuuliza. Usimwambie arudi. Mlango huu akiufunga sasa sitaweza kuufungua tena, nilihangaika miaka. Na mguu bado, madaktari wa huku wanautunza vizuri kweli, wanamfundisha hata kutembea. Huko atapata wapi? Halafu akirudi Bangwe atafanya nini, mama? Dagaa?"

"Mimi nafanya dagaa," nikamwambia.

"Nisamehe, sikumaanisha vibaya." Kisha huyu mtu asiye na maneno akaanza kulia. "Nimeshindwa naye. Hataki kula. Hata kabla ya mguu alikuwa anakaa na koti ndani ya nyumba, kama mtu anayengoja gari. Nikimuuliza anataka nini, anasema, muulize Bibi."

Giza likaingia, mitumbwi ikatoka, dagaa wakaja wengi. Nikaanika. Nikawa napita mchangani natazama nyayo za watoto, zile zenye vidole vyote. Katekista akasema, mwambie avumilie. Mwenye duka akasema, watu wanalipa kwenda huko, na wewe unamrudisha? Melania peke yake hakushauri. Nilipombana alisema, "Ningekuwa mimi ningekwenda hata kwa kuogelea, nilisema hivyo, unakumbuka? Nilikuwa sijui wanakata vidole."

Usiniulize kama nilisali. Nilisali. Nikimwombea akae, moyo unasema uongo huo. Nikimwombea arudi, namwona amekaa hapa anachechemea, na mguu wenyewe labda umeoza kwa kukosa dawa, na Anatoli amenuna mpaka kufa. Mikono yangu hii imelea, imezika, imeanika tani za dagaa, lakini kwa hili haikuwa na cha kushika.

Mbalamwezi ya Machi alinisalimu tu, hakuuliza tena. Mwezi wa nne, giza limerudi, saa kumi jioni hivi, dagaa wote wakiwa chini na karibu kukauka, wingu likasimama upande wa Kongo. Jeusi, limekaa juu ya maji. Tukaanza kuzoa kwa haraka. Ndipo simu ya Melania ikalia juu ya kichanja.

Melania akaitazama. "Mke mwenzako huyu! Na leo si mbalamwezi."

Nikafuta mikono kwenye kanga nikapokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kuna nini? Mguu?"

"Mguu haujambo. Natembea. Mbona nasikia upepo?"

"Mvua inakuja."

"Na dagaa wako chini?"

"Wako chini."

"Basi kaanue, Bibi. Nitapiga mbalamwezi."

"Usikate!" Nilipiga kelele mpaka Melania akageuka. "Usikate, mwanangu. Sema."

"Baba amesema leo anaamua. Anikatie tiketi au anirudishe shule. Amesema amechoka, nenda kamuulize bibi yako, atakalosema ndilo."

Matone ya kwanza yakanipiga begani. Makubwa, ya baridi. Melania akaita, "Mama Gloriose! Wanalowa!"

"Bibi, nakuuliza mara ya tatu," mtoto akasema. "Kule kwanza nilikuuliza niende, hukujibu. Hospitali nilikuuliza nirudi, ukaniuliza nimekula. Sitakuuliza tena hivyo. Kile kitendawili cha ziwa, ulikijua?"

"Sikukijua."

"Umeshindwa?"

Sijawahi kumtamkia mtu neno hilo. "Nimeshindwa," nikasema.

"Basi nipe mji wangu. Utakaonipa, ndimo nitakamokaa."

Ewe Mungu wangu. Nikamwona Melania anakimbia na turubai, anafunika zake, anakuja kuvuta na zangu, peke yake, turubai linampiga usoni. Mimi nimesimama tu na simu.

"Nakupa Kasulu," nikasema.

"Kasulu sitaki. Shangazi yako anakoroma."

Nikacheka, na machozi yakatoka hapo hapo. "Nakupa Uvinza."

"Uvinza chumvi tupu. Nipe mji, Bibi."

Nikakusanya nguvu. Nikafikiria dawa, na madaktari, na ile miaka ya Anatoli, na yote waliyoniambia watu wenye akili. Nikasema, "Haya. Nakupa huo huo wa baba yako. Winipegi. Chukua."

Mvua ikashuka sasa kweli kweli, dagaa mbele yangu wakaanza kuelea kwenye vijito wakirudi ziwani walikotoka. Nikafikiri simu imekatika.

"Bibi," akasema polepole, "huo hujaukanyaga."

"Sijaukanyaga."

"Si uliniambia mtu akitoa mji asioukanyaga ametoa upepo?"

"Nilikuambia."

"Mimi nimeukanyaga, Bibi. Na vidole nimeacha. Nipe wako."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama miguu mitupu mpaka kwenye vifundo ndani ya maji, mchanga unaniponyoka chini ya nyayo. Melania ameacha kuvuta turubai, ananitazama. Sikuwa na mji mwingine. Nimezunguka mfukoni mwangu mwote, hakukuwa na mwingine.

"Nakupa Bangwe," nikasema.

Nilimsikia anapumua. Kisha ile sauti yake ya utotoni, yenyewe kabisa.

"Ukinipa Bangwe, wewe utalala wapi?"

"Tutabanana. Rudi, mwanangu."